Piima pole: kuagiza chai na kahawa kwa Kiestonia

Neno la kwanza la Kiestonia nililolielewa bila mwalimu, sikulielewa. Ilikuwa Januari, mjini Tartu, saa mbili asubuhi na nje bado giza totoro. Nilisimama kwenye kibanda cha kahawa karibu na kituo cha basi, nikanyoosha kidole kwenye picha ya kikombe chenye maziwa. Binti wa kaunta akatikisa kichwa, akasema, "Kahjuks piima pole." "Kahjuks" sikuijua, "piima" sikuijua. Nilichosikia ni "pole", tena imetamkwa vizuri kama ingetamkwa na shangazi yangu, nami nikajibu "asante" kama nilivyolelewa. Akanitazama kidogo, kisha akanimiminia kahawa nyeusi.

Baadaye ndipo nikajua kwamba "pole" ni mkato wa "ei ole", yaani hakuna, au si. "Piima" ni maziwa. "Kahjuks" ni kwa bahati mbaya. Binti alikuwa ananiarifu kwamba maziwa yamekwisha. Lakini mtu akikwambia maziwa yamekwisha asubuhi ya baridi ile, pole pia unastahili, kwa hiyo sikuwa nimekosea sana.

Naandika mwongozo huu kwa ajili yako unayekwenda Estonia kusoma, kufanya kazi au kutembea tu, na umekwisha kuambiwa kwamba Kiestonia ni mlima. Ni kweli lugha ina sifa za kutisha: nomino moja hubadilika maumbo 14, na ndugu yake wa karibu ni Kifini, si Kijerumani wala Kirusi, kwa hiyo maneno mengi hayafanani na chochote ulichowahi kukiona. Wanaoizungumza duniani kote ni kama milioni 1.1. Ila mbele ya kaunta ya mkahawa, mlima huo unabaki kichuguu. Karibu kila utakachohitaji kuhusu kinywaji cha moto kimebebwa na viambishi viwili vya herufi mbili mbili, na Mswahili ana mtaji ambao hata hajui kama anao.

Mtaji wenyewe ni huu. Umezoea kuishi na viambishi. Unaposema "ningependa", umeunganisha nafsi, sharti na kitenzi ndani ya neno moja, wala hujishangai. Mwestonia anafanya hivyo hivyo, ila yeye anaanzia mkiani. "Sooviksin" ni ningependa: "soovi" ni penda au taka, "ksi" ndiyo nge yao, na "n" ya mwisho ni mimi. Ukiwa na mwenzako useme "sooviksime", tungependa. Wanaotoka kwenye lugha za Ulaya Magharibi huhangaika hapo. Wewe geuza neno nyuma mbele tu.

Halafu hakuna suala la mwanamume na mwanamke. "Tema" au "ta" ni yeye, awe mjomba awe shangazi. Na swali la ndiyo au hapana huanza na "kas", ambayo ni "je" yetu kwa kila hali: "Kas teil on teed?" Je, mna chai? Hata kupenda chai kunasemwa kama wazee wetu wanavyosema. Hawasemi "napenda kahawa" bali "mulle meeldib kohv", kahawa inanipendeza mimi. Chai isiyokupendeza: "mulle ei meeldi".

Tahadhari iko kwenye maneno yanayojifanya ndugu. "Pole" umekwisha kuiona. "Sina" kwao ni wewe, kwa hiyo mtu akikugeukia na kuuliza "Kas sina soovid kohvi?", hasemi kwamba hana kahawa, anakuuliza wewe kama unaitaka. "Tema" usiiogope, hakuna anayekuamuru uteme kinywaji chake. "Raha" ni pesa, na "mul pole raha" maana yake sina pesa, sentensi ambayo Mswahili anaisikia kama salamu ya msiba: raha, pole. Na "tule" ni njoo. Hiyo iweke akiba, tutairudia mwishoni kwa sababu ina uzito wake.

Mdomo kwanza

Kosa la Mswahili katika Kiestonia haliko kwenye sarufi, liko kwenye mkazo. Sisi tunaukaza mdomo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, bila kufikiri, hata kwa maneno ya kigeni. Waestonia wanakaza silabi ya kwanza. Ukisema "piiMAga" kama unavyosema "kitabuni", mtu wa kaunta atasikia kelele. Sema PIImaga. SUHKruga. PAlun. KOHvi. Mimi nilijizoeza kwa kugonga meza kidole kila neno linapoanza, na nakushauri ufanye hivyo nyumbani, si mkahawani. Neno moja mashuhuri linakwenda kinyume, nalo utalihitaji kila siku: "aitäh", asante, mkazo wake uko mwishoni, aiTÄH.

Irabu wana tisa, sisi tano. Nne za ziada ni hizi. "Ä" iko kati ya a na e, fungua mdomo kama kwa daktari wa meno. "Ü" ni i iliyosemwa kwa midomo ya kupiga mluzi, kama katika "üks", moja. "Ö" ni e kwa midomo hiyo hiyo. Ya nne, "õ", ndiyo inayowatoa watu jasho: sema o, kisha itandaze midomo kama unatabasamu bila kuusogeza ulimi. Utaikuta katika "kõik", yote, na katika "või", ambayo ni "au" na pia ni siagi. Usijiue kwa ajili ya "õ". Ukiisema vibaya wataelewa, na wenyewe kwa wenyewe hawaitamki sawa. Watu wa kisiwa cha Saaremaa wanajulikana kwa kuisema "ö", na wa bara huwatania kwa hilo.

Herufi "j" isome kama y yetu: "ja", na, ni "ya", "jah", ndiyo, ni "yah". "Š" ni sh. Na "v" ya mwisho katika "kohv", kahawa, hufifia hadi ikakaribia f, ila usiache kuisikilizisha "h", maana bila hiyo neno linakufa.

Urefu wa sauti ni jambo la kweli, na hapa nusu ya njia umeshaipita. Mtu anayetofautisha kata na kataa, au kufa na kufaa, ana sikio la irabu ndefu. Tatizo ni konsonanti, kwa sababu Kiestonia kinarefusha hata hizo. "Üks kook" ni keki moja. "Üks kokk" ni mpishi mmoja. Ukiibana irabu na kuivuta k, umeagiza mtu.

Viambishi viwili vya kukupeleka mbali

Sasa kiini cha mambo. Kiambishi cha kwanza ni -ga. Kinabandikwa mwishoni mwa neno na kinabeba "na" yetu na "kwa" yetu kwa pamoja. "Kohv piimaga" ni kahawa na maziwa. "Tee sidruniga" ni chai na limau. "Kaardiga" ni kwa kadi. Ukipanda basi umekwenda "bussiga", na ukiwa na rafiki uko "sõbraga". Kiambishi kimoja, kazi zote hizo, na mpangilio wa maneno ni kama wetu: kinywaji mbele, kinachoongezwa nyuma.

Cha pili ni -ta, nacho ni "bila". "Kohv suhkruta", kahawa bila sukari. "Piimata", bila maziwa. Wengi huongeza mbele neno "ilma", ambalo nalo ni bila, wakasema "ilma suhkruta", bila sukari mara mbili. Usiwaulize kwa nini. Kwa mtu mwenye kisukari urudufu huo ni faida: hata kelele za mashine zikimeza neno moja, la pili linafika.

Ugumu uliopo ni kwamba viambishi hivi havishiki neno lilivyo kwenye kamusi, vinashika umbo lake la umilikaji. Mara nyingi tofauti ni irabu moja tu: "sidrun" inakuwa "sidruni", "ingver", tangawizi, inakuwa "ingveri", "kaneel", mdalasini, inakuwa "kaneeli". "Piim" inakuwa "piima". Lakini "suhkur" inarusha irabu yake na kuwa "suhkru", na "mesi", asali, inanyolewa hadi "mee". Basi chai na asali ni "tee meega". Kanuni za mabadiliko haya zipo, na vitabu vinazieleza kwa kurasa nyingi. Kwa mkahawani usijifunze kanuni, jifunze maneno manane hivi yakiwa tayari yamevaa nguo zake: piimaga, suhkruga, meega, sidruniga, ingveriga, kaneeliga, koorega (na krimu), vahukoorega (na krimu iliyopigwa ikaumuka). Maziwa ya oti ambayo kila mkahawa wa vijana unayo ni "kaerapiimaga". Ukitaka viwili kwa mpigo, kiambishi kinawekwa mara moja tu, mwishoni: "piima ja suhkruga".

Sifa hutangulia nomino, kinyume na sisi. "Must kohv" ni kahawa nyeusi, "must tee" chai ya rangi, "roheline tee" chai ya kijani. Kahawa kali ni "kange", iliyozimuliwa ni "lahja". Moto ni "kuum", uvuguvugu ni "soe". Na kile ambacho bibi yangu angekiita chai ya moto hasa, ya kuunguza ulimi, wana neno lake: "tuline", kutoka "tuli", moto. Chai ya moto neno kwa neno.

Kaunta

Mkahawa ni "kohvik". Ukiingia, sema "tere" na ukomee hapo. Hili linamuuma Mswahili kuliko "õ". Umelelewa kuuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, kabla hujataja shida yako, lakini Estonia ukimuuliza mhudumu "Kuidas läheb?", mambo vipi, atadhani mnajuana na ataanza kukukumbuka ulikuwa wapi. Wala usitafute neno la dada, kaka au mama la kumwitia. Halipo. Ukitaka akutazame, ni "vabandust", samahani. Kimya chake baada ya hapo si chuki. Anasubiri uagize.

Atasema "Palun?" au "Mida teile?", nikupe nini. Hiyo "teile" ni nyinyi ya heshima, kama Mkongo anavyoijua kutoka Kifaransa, ingawa wahudumu vijana huenda wakakuita kwa "sina" moja kwa moja wakasema "Mida sulle?" Haina dharau. Wewe baki na njia fupi zaidi kuliko zote, ambayo haimkosei mtu heshima:

"Palun üks kohv piimaga."

Naomba kahawa moja na maziwa. Neno "palun" linafanya kazi nyingi za "karibu" yetu na zaidi. Unapoagiza ni tafadhali. Mhudumu anapokusogezea kikombe anasema "palun", haya karibu. Ukimshukuru anajibu "palun". Usiposikia sawasawa, unauliza "kuidas palun?", na yeye anarudia. Kama ungeweza kubeba neno moja tu kwenye ndege, ningekubebesha hilo.

Swali lake la pili karibu kila mara ni "Kohapeal või kaasa?", unakunywa hapa au unaondoka nayo. Linasemwa haraka, na ndilo linalowaangusha wageni, kwa sababu wameandaa sentensi ya kuagiza na hawakuandaa sikio. Jibu kwa neno moja, "kohapeal" ukikaa, "kaasa" ukiondoka. "Kaasa" maana yake ni pamoja, na mume au mke anaitwa "abikaasa", mwenza wa kusaidiana. Kahawa ya "kaasa" basi inafunga safari na wewe kama mchumba.

Halafu "Veel midagi?", kingine? Wakati mwingine anauliza hasa kama unataka kitu "kohvi kõrvale", cha kando ya kahawa. Hapa mtu wa pwani anajisikia nyumbani, maana anajua kahawa bila kashata ni dawa. Wao wana "kaneelisai", andazi la kusokotwa lenye mdalasini, wana "pirukas" zenye nyama au kabichi, na Februari wana "vastlakukkel", andazi la krimu linaloliwa kuelekea Kwaresima. Hutaki kitu? "Ei, see on kõik." Hapana, basi.

Malipo: "Kaardiga või sularahas?" "Sularaha" ni taslimu, na ukiivunja ni pesa iliyoyeyuka. Karibu kila mahali wanapokea kadi, na nchi imetumia yuro tangu 2011. Atakuuliza "Kas tšekki soovite?", unataka risiti? "Ei, aitäh." Mazungumzo yamekwisha. Hayakuzidi nusu dakika, na katika nusu dakika hiyo hakuna sentensi uliyoisema yenye zaidi ya maneno manne.

Isipokuwa jambo moja. Waestonia wengi, hasa vijana, wanajua Kiingereza vizuri, na wakiisikia lafudhi yako watakihamia haraka kwa nia njema. Ukikubali mara tatu, umeshapoteza mwaka. Wewe jibu "Ma õpin eesti keelt", najifunza Kiestonia. Nimeona sentensi hiyo ikifungua uso wa mtu aliyekuwa kama ukuta. Akirudia kwa kasi ya treni, mwombe "palun aeglasemalt", taratibu kidogo.

Mkiwa wengi

Ukiagiza cha mtu mmoja, neno linabaki lilivyo: üks kohv, üks tee. Ukivuka moja, nomino inachukua umbo jingine, lile linalotumika kwa sehemu ya kitu au kiasi chake, tena inabaki katika umoja. Kaks kohvi, kolm teed, neli kakaod. Umbo hilo hilo linatokea baada ya kikombe: "tass kohvi", kikombe cha kahawa, "tass teed", na pia "klaas vett", glasi ya maji, ambayo ukiiomba pamoja na kahawa hakuna atakayekukunjia uso. Linatokea pia kwenye "sooviksin teed". Mantiki yake si ngeni: unapokunywa chai, hunywi chai yote ya dunia, unakunywa sehemu yake. "Ma joon teed", nakunywa chai, bado ninayo. "Ma jõin tee ära", nimeinywa chai nikaimaliza, na hapo ile "d" imeondoka kwa sababu hakuna kilichobaki kikombeni. Mimi naona huo ni werevu mkubwa kwa herufi moja.

Lakini angalia neno lenyewe "tee". Ni chai. Ni barabara. Na ni amri ya kutenda, fanya! Kwa hiyo "Tee teed!" ni tengeneza chai, na "Kas sa teed teed?" ni je, unatengeneza chai? Waestonia wenyewe hucheka wakikusikia ukiisema polepole kwa umakini.

Mwenzako akishaagiza na wewe unataka kama chake, sema "Mulle sama, palun." Hiyo haihitaji maelezo.

Utakachokipata kikombeni

Hapa lazima nikuandae moyo. Ukiwaza chai ya maziwa iliyochemka sufuriani na tangawizi na iliki hadi ikabadilika rangi, isahau. "Tee piimaga" itakuja kama kikombe cha maji ya moto, kipakiti cha majani kikielea, na kijagi kidogo cha maziwa baridi. "Ingveritee" wanayo, lakini ni tangawizi kwenye maji, mara nyingi na limau na asali, na si mbaya hata kidogo kwa kifua. Nilichojifunza ni kuacha kuitafuta chai ya nyumbani na kunywa wanachokiweza.

Wanachokiweza ni "taimetee", chai ya mimea. Watu wengi bado huchuma na kukausha wenyewe wakati wa kiangazi: mnanaa, "kummel" yenye maua ya manjano na meupe, majani ya rasiberi mwitu, na maua ya mti wa "pärn" yenye harufu ya asali, ambayo hupewa mwenye mafua. Ukiwa na mafua sema "Mul on nohu", nina mafua, na utaona mhudumu asiyeongea akigeuka kuwa mganga. Kuna pia "astelpajutee", ya tunda dogo la rangi ya chungwa lenye ukali unaoukaribia ukwaju. Anzia hapo.

Kahawa ya kila siku ni ya kuchujwa, "filtrikohv", nyepesi kuliko kahawa chungu ya vijiwe vyetu vya pwani. Majina ya Kitaliano yamebaki kama yalivyo, espresso, latte, cappuccino. Katika maduka ya kukaanga kahawa soma mifuko: "Keenia" ni Kenya, "Tansaania" ni Tanzania, "Etioopia" haina siri. Kuna pia "viljakohv", kinywaji cha nafaka zilizokaangwa ambacho hakina kahawa ndani yake, na watoto wa chekechea hupewa na maziwa. Usiagize ukitegemea kuamka.

"Kakao" ni ya watoto na ya watu wazima walionyeshewa. Desemba, Tallinn inapopata saa kama sita tu za mwanga kwa siku, soko la Krismasi kwenye uwanja wa Raekoja plats hunukia karafuu hadi mtu wa Pemba akageuza shingo. Harufu hiyo ni ya "hõõgvein", mvinyo uliopashwa moto pamoja na viungo, au ya "glögi", ambayo iko ya mvinyo na ya juisi. Kama hunywi pombe, uliza kabla ya kulipa: "Kas selles on alkoholi?" Neno unalolitaka kusikia ni "alkoholivaba", isiyo na pombe.

Ukitaka kufanyia mazoezi mahali penye historia, Tallinn kuna Maiasmokk, iliyopo pale pale mtaa wa Pikk tangu 1864, na jina lake ni kama kusema mdomo mpenda utamu. Tartu kuna Werner, ya tangu 1895. Mimi lakini ningekupeleka kwenye mkahawa mdogo wa mtaani usio na watalii, saa nne asubuhi, ambako foleni ni fupi na hakuna anayekuharakisha.

Na ukifika Narva, mpakani na Urusi, sahau "tee". Zaidi ya robo ya wakazi wa Estonia lugha yao ya kwanza ni Kirusi, na Narva karibu wote. Kwa Kirusi chai inaitwa chai. Jani la Kichina liliposafiri kwa meli za Waholanzi kutoka Fujian lilikuja na jina la "te", ndilo lililofika Tallinn. Liliposafiri nchi kavu kupitia Uajemi lilikuja na jina la "cha", ndilo lililofika kwa Mrusi, na kwetu pia. Basi unasimama nchi ya theluji, unasema "chai" kama uko Kariakoo, na unaletewa chai. Hata bakshishi ya mhudumu Warusi huiita ya chai. Tusiseme sisi neno hilo tunalitumia kwa nini maofisini.

Tule kohvile

Siku moja mtu atakwambia "Tule kohvile", njoo unywe kahawa. Sikio lako la Kiswahili litasikia tule, na safari hii litakuwa limesikia kweli. Kahawa ya nyumbani kwa Mwestonia inakuja na keki, na pengine na "kiluvõileib", kipande cha mkate mweusi chenye siagi, yai na dagaa wa Baltiki waliotiwa chumvi na viungo. Vua viatu mlangoni, kama kwetu. Usichelewe, hapo si kama kwetu.

Kikombe kikiisha utaulizwa "Kas veel?", nikuongeze? Usijibu "aitäh" peke yake. Kwetu mtu akikaribishwa chai akasema "asante" tu, birika linarudi mezani, ameshakataa. Pale wenyeji watabaki wamelishika hewani wakikutazama, hawajui umekubali au umekataa. Sema "jah, palun" ukitaka, "ei, aitäh" usipotaka. Ukimwaga kidogo kwenye kitambaa, "vabandust". Watakujibu "pole midagi", si kitu, nawe utaisikia ile pole mbele ya maneno, kama siku ya kwanza.